Amplifaya ya Kufika Mlangoni

Kinyozi alikuwa amepiga gitaa kwenye bendi miaka ishirini, na miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyuma ya ukumbi aliyewahi kumsikia. Habari hiyo alipewa na bintiye, wiki tatu kabla ya harusi, akiwa amejibwaga kwenye kiti cha wateja anatafuna karanga.

"Baba, usinikasirikie. Nataka unipigie gitaa nikiingia ukumbini. Lakini nikiwa kule mlangoni huwa naona vidole vyako tu vinatembea. Sauti siipati."

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Maneno yalimchoma, nami simlaumu. Ila kubisha hakuweza. Amplifaya yake kuukuu ya kukuzia sauti ya gitaa, ile yenye taa za kioo ndani, ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji, na kila ilipopakiwa garini taa moja ilikufa.

Dukani wakaenda watatu: yeye, bintiye, na mpiga dramu wa bendi, mwoka mikate ambaye kila mtu humwita Radi. Muuzaji akawashauri wachukue ya transista, isiyo na taa za kuvunjika; nyepesi, na ukiwasha inalia papo hapo. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilijaa vitufe na mwangwi mtamu. Kinyozi alipiga kidogo tu akafumba macho. Ya pili ilikuwa nyeusi, pana, vitufe vinne, sauti kavu. Aliikunjia uso.

"Nimepata," akasema, ameshaikumbatia ile tamu.

"Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu," Radi akamwambia. "Wewe umekaa karibu nayo, utajuaje inavyosikika mbali? Tuitoe nje."

Muuzaji, naye mpenda vituko, akavuta waya mpaka barazani. Radi akatoa dramu moja ndogo kwenye gunia la unga. Binti akavuka barabara, akasimama mbali, mlangoni kwa fundi viatu.

"Ukinisikia, inua mkono!" baba yake akapaza sauti.

Radi akaanza kutwanga. Kinyozi akapiga kwa ile tamu, ikamezwa yote na dramu. Akaiongeza sauti, ikakoroma. Mkono haukuinuka. Hapo ndipo alipojiona kama watu walivyomwona miaka yote: mtu mzima anayekuna ubao.

Akachomeka ile nyeusi. Sauti kavu ikapita katikati ya kishindo cha Radi kama kitana kwenye nywele zilizolowa. Mkono ukapaa juu! Fundi viatu naye akatoka anacheza, kiatu cha mteja mkononi.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa pomoni. Milango ilipofunguliwa, Radi alitwanga bila huruma, na Kinyozi akaanza wimbo aliokuwa akimbembelezea binti huyo alipokuwa mchanga. Watu walisimama wote, hakumwona bintiye hata uso. Kisha, juu ya vichwa vyote, mkono wenye maua ukainuka.

Furaha ikamchanganya, akakosea mara mbili.

Binti alipofika mbele alimnong'oneza sikioni, "Baba, umekosea."

"Umesikia?"

"Mara mbili."

Kinyozi akamkumbatia, gitaa likiwa katikati yao, akalia kwa furaha mbele ya wageni wote.