Sauti ya Mama Saa Moja Ilivyomtoa Binti Yake Darasani

Saa nne na robo asubuhi, Mama Saa Moja anavua visikilizaji masikioni, anavibwaga mezani na kukizungusha kiti chake mpaka kinatazama ukuta. Ukuta wenyewe umebandikwa zulia kuukuu la kuzuia mwangwi, na hakuna cha maana cha kutazama pale. Lakini anautazama. Upande wa pili wa kioo fundi mitambo anabonyeza kitufe bila kuinua uso, na kwa nusu dakika studio inajaa sauti ya mwanamke mchangamfu, mtamu wa maneno, anayewasihi wazazi wasikubali watoto wao wasome na wasichana waliokwisha kuzaa.

Sauti hiyo ni yake mwenyewe.

"Leo siku ya kumi na moja," anasema tangazo likiisha, macho yamemwiva kwa hasira. "Mara sita kwa siku. Kila likipigwa namsikia mtu aliyenifukuzia mtoto shule, na mtu huyo ni mimi."

Kisha anakirudisha kiti, anavaa visikilizaji na kuwatajia wasikilizaji saa, kwa bashasha zake zilezile za kila siku.

Jina la Mama Saa Moja alipewa na hao wasikilizaji. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye anayefungua kipindi cha saa moja asubuhi: salamu, hali ya hewa, nani kapotelewa na mbuzi, na matangazo. Sokoni haombi punguzo. Akisema tu "habari za asubuhi", muuza nyanya anamtambua na kumwongezea mbili.

Na katika kazi hiyo alikuwa na fahari moja. Matangazo anayasoma mabichi. Wenzake huichukua karatasi mapema, wakaipitia mara tatu, wakaweka alama pa kupumua. Yeye hupewa kadi akiwa tayari hewani, akaitazama na kuisoma hapohapo, bila kujikwaa. Watangazaji wageni walikuwa wanaletwa kumwangalia.

"Nilijiona fundi," anasema. "Kumbe nilikuwa najichimbia shimo."

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa moja na robo, alisukumiwa kadi mpya iliyoanza hivi: "Mzazi, unajua binti yako anakaa dawati moja na nani?" Akadhani ni la madaftari. Ulikuwa msimu wa madaftari. Akaipa sauti yake ya tabasamu na kwenda nayo. Sentensi ya pili ikasema shule ni ya wanafunzi, si ya wazazi. Ya tatu ikasema aliyeshindwa kujitunza asirudi kuwafundisha wengine.

"Mdomo ulishafika kabla ya akili," anasema. "Na sisi tumefundishwa usikate sentensi katikati, hata paa likianguka. Nikamaliza. Nikataja na namba ya simu."

Fundi mitambo, kama ilivyo desturi ya kituo, aliyanasa maneno yake ili yarudiwe. Saa nne na robo yakarudiwa kwa mara ya kwanza.

Muda huo ndio wa chai katika shule anayosoma binti yake. Ana miaka kumi na minane, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na nyumbani ana mtoto wa miezi kumi na minne. Alirudi darasani mwanzoni mwa mwaka baada ya kukaa nje mwaka mzima, na alikuwa wa nne kati ya wanafunzi hamsini na mmoja. Mpishi wa shule ana redio yake dirishani, na bwalo zima linajua ile ni sauti ya mama wa nani.

"Walinyamaza wote wakanigeukia," anasimulia binti, mtoto akimvuta kola. "Wangenicheka ningewajibu. Ila mmoja aliniambia, 'Pole, hata mama yako.' Nikachukua begi langu."

Hajarudi tangu siku hiyo. Mtihani wa mwisho umebaki wiki sita.

Mama mtu alipopata habari hakulia. Alivaa viatu akarudi kituoni na kuingia kwa meneja bila kubisha hodi. Alitaka tangazo litolewe siku hiyohiyo.

Meneja alimpa kiti na maji ya kunywa. Akamweleza kwamba kikundi kilicholeta tangazo, ambacho wenyewe wanajiita walinzi wa malezi, kimelipia siku ishirini na moja, yaani mara mia moja na ishirini na sita. Pesa hiyo ni mishahara ya watu watano kwa mwezi. "Mama, sisi ni barabara tu," akasema. "Barabara haimuulizi mtu anakwenda wapi."

"Barabara gani hiyo inayomgonga mwanangu kila saa nne?"

Ndipo meneja akatoa alichokuwa amekificha. Akafungua kompyuta na kumchezea tangazo la mwaka jana, la shirika lililowahimiza wasichana waliojifungua warudi shule. Sauti ilikuwa ileile, tabasamu lilelile. "Hili ulilisoma kwa moyo mweupe," akamwambia. "Kuna wazazi walipiga simu kulalamika. Ulitaka niwasikilize?"

Mama Saa Moja alirudi nyumbani akiwa amejaa kama mtungi, akakaa na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu alimrudia meneja.

"Nikamwambia kataa yote mawili. Sabuni tangaza, godoro tangaza. Lakini jambo linalowagawa watu nyumba kwa nyumba usiliuze kwa nusu dakika. Walete wanaotaka na wasiotaka, wakae hapa mbele ya maiki, waulizane, msikilizaji apige simu awakosoe. Tangazo halijibiwi. Mtu humjui hata sura, analipa, anakutukania mtoto, anaondoka zake. Na mdomo anaazima wako."

Si wote wanaomuunga mkono. Fundi mitambo, ambaye amefanya naye kazi miaka tisa, anasema wazi kwamba anaogopa. "Leo bosi akate hili, tupige makofi. Kesho wauguzi waliogoma walete lao, naye aseme linagawa watu. Mkasi ukishampa, huuchukui tena."

"Basi aandike kanuni, aibandike ukutani, tuisome wote," Mama Saa Moja anamjibu. "Sasa hivi kanuni ni moja tu, mwenye pesa apite." Fundi anatikisa kichwa. Wameshabishana hivyo siku nzima wiki iliyopita, na chai wamekunywa meza moja.

Jumanne hii meneja alikuja na barua. Tangazo litarekodiwa upya kwa sauti ya mtangazaji mwingine, na Mama Saa Moja hatasikika tena ndani yake. Yeye kwa upande wake aweke sahihi kwamba atasoma kila tangazo atakalopewa, bila kuuliza. Asiposaini hadi Ijumaa, ambayo ni kesho, unga umemwagika.

Anasema alipoisoma alipumua. Aliikunja, akaipeleka nyumbani kama mtu aliyebeba zawadi, akamweleza binti yake kwamba sauti itatoka.

Binti alikuwa anamlisha mtoto uji. Akauliza, "Kwa hiyo litasemwa na mama wa mwenzangu?" Kisha akaendelea kulisha.

Barua bado iko ndani ya mkoba wake. Anaitoa tuione. Pa kuweka sahihi pako wazi.

"Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," anasema. "Wakitoa sauti yangu, tusi linabaki. Nimelea mtoto kwa mdomo huu, nimelipa kodi ya nyumba kwa mdomo huu. Sisaini. Na wasinipigie simu kunibembeleza."

Kazi nyingine hana, na hajui ataipata wapi. Hilo halifichi. Anajua pia kwamba akiondoka tangazo litaendelea kwa sauti yake mpaka siku zilizolipiwa ziishe, na akilitaja anatukana kwa sauti ya chini, tusi ambalo gazeti haliwezi kuliandika.

Lakini Jumatatu ana mpango. Saa moja asubuhi, badala ya kuwasalimia wasikilizaji, atampeleka binti yake shule kwa miguu, na saa nne na robo atakuwa ameketi naye bwaloni, chini ya redio ya mpishi. Mwalimu mkuu ameshamruhusu.

"Likipigwa, wataniona," anasema. "Nitasimama niwaambie wale watoto kwamba aliyesema ni mimi, na kwamba nilikosea. Hapo hakuna wa kunilipa wala wa kunikata."

Binti hajasema kama atakwenda. Jana, hata hivyo, akiwa na sketi ya shule mkononi, alimuuliza mama yake pasi iko wapi.