Fungu la Sombe la Mama Nsimire

Siku yangu ya kwanza katika jiko la parokia nilifika asubuhi mapema na daftari la kanuni nilizojiandikia mwenyewe. Upishi sikuusomea popote. Nilijifunza kwa kutazama wengine na kwa kuunguza. Mama Prezidenti, mkuu wa akina mama wanaowapikia wenye njaa kila Jumatano na Jumamosi, alisoma ukurasa mmoja akanirudishia.

— Mutoto yangu, hapa iko jiko, haiko tribinali ya kuhukumu watu. Kamata mwiko.

Ninyi mnaoipokea kazi hii, jueni kwamba bugali ya watu wengi haisongwi mara moja. Unasonga sufuria kwa sufuria, na kila donge unalifunika kwa jani la mgomba lisiote ngozi. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa kwenye kinu hadi yalainike, kisha huchemka muda mrefu. Ukiyaharakisha yatakuwa machungu. Mimi nilionja chumvi mara sita kila sufuria. Niliamini Mungu angenichukia kwa haragi moja lililoungua.

Nilianza kwenye maharagi, nikapandishwa kwenye bugali, hatimaye Mama Prezidenti akaniweka mlangoni kupokea watu. Hapo ndipo nilipokosa.

Mama Nsimire, mjane aliyeishi mtaa wa Bagira, hakukosa siku hata moja. Kila alipokuja alibeba fungu la sombe kutoka kishamba chake, akaliweka kando ya kinu, ndipo akakaa. Daftari langu lilisema anayesaidiwa asitoe kitu. Tena, nakiri, majani yake yalikuwa na matundu ya wadudu, na mimi nilitaka majani mazima. Nikamrudishia fungu mbele ya watu wote.

— Maman, peleka hizi nyumbani. Chakula cha Yesu ni bure.

Nilidhani nimehubiri. Alilifunga fungu lake kwenye kitenge, akasema "aksanti, maman," akaondoka bila kula. Jumamosi hakuja. Jumatano hakuja.

Mama Prezidenti aliniita nyuma ya jiko.

— Yeye hakuwa analipa. Alikuwa anakuja kwa watu yake, na kwa watu hauendi mikono mitupu. Weye ukamufanya muombaji. Sasa, utamurudisha weye mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata asubuhi nilipanda basi hadi Bagira na kisufuria cha maharagi mapajani. Nilimkuta mlangoni kwake, mifupa ya shingo imetokeza kuliko nilivyoizoea.

— Hiyo unaletea nani?

— Weye, maman.

— Miye sina njaa.

Ulikuwa uongo, na mimi ndiye niliyemlazimisha kuusema. Hotuba niliyoiandaa njia nzima ikanipotea. Nikasema tu lililokuwa kweli:

— Maman, leo hatuna sombe. Sokoni tumekosa. Watu watakula bugali na maharagi tu.

— Unataka zile za matundu?

— Ndiyo, maman. Na unisamehe.

Alichukua kisu chake cha shamba.

— Wadudu wanajua kuchagua. Jani ile wadudu wanakataa, ndiyo weye uliogope!

Akacheka, akaingia shambani. Fungu alilolikata safari hii lilikuwa kubwa mara mbili, akanitwika mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu. Tuliposhuka kwenda kituoni alikuwa nyuma yangu akinisema:

— Unatembea kama mutu wa biro, wa kushinda kwa kiti! Inama!

Parokiani hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu, akatwanga mpaka jasho likamtoka, ndipo akakaa, akala sahani mbili. Mimi nililia nyuma ya magunia ya unga, na siku ile nilisali kwa mara ya kwanza bila kuchagua maneno.

Sasa ninaolewa huko Kavumu, na jiko naliacha. Watu wananicheka kwamba nastaafu kabla ya mvi. Hofu yangu ya kukosea haijaisha. Sitawadanganya kwamba jiko liliniponya. Ila juzi, siku yangu ya mwisho, Mama Prezidenti aliniambia nikae mezani na wageni. Mikono ikakosa pa kwenda. Mara mbili niliinuka nikaonje chumvi, na mara ya pili Mama Nsimire alinikalisha kwa bega, akaniwekea bugali.

— Kula.

— Maman, lakini kazi yangu imeisha hapa.

— Kazi imeisha, mudomo uko nao. Siku utapita huku, utakula. Na ulete gunia ya makala ya kuwasha jiko.