Mama Si Mdau

Nililichukia neno "wadau" siku walipokuja Kasulu kutushirikisha sera ya redio jamii. Kutushirikisha! Rasimu ilishachapwa, ina jalada lenye picha ya bibi kashika redio, na bado eti wanataka maoni yetu. Kibondo walishamaliza jana yake. Mwenzangu wa huko alinipigia simu: maoni yalikuwa pilau na soda.

Mimi ni mtangazaji. Kipindi changu cha asubuhi nilikuwa nakisoma kwa Kiswahili, halafu yale ya muhimu nayarudia kwa Kiha, lugha yetu, kwa ajili ya watu kama mama yangu kule kijijini Kitanga. Kiswahili cha mama kinaishia kwenye "hodi" na "bei gani". Kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza tu, ila sisi tulijifanya hatujazisoma na wakubwa wakajifanya hawatusikii. Tukaishi vizuri tu.

Nikanyoosha mkono, nikauliza: hii rasimu inamsemaje asiyejua Kiswahili? Bwana wa meza kuu, aliyefika mkoa huu juzi, akatabasamu. "Dada yangu, mambo ya makabila tuliyaacha na mkoloni."

Loh! Mkoloni ndiye aliyetuambia lugha zetu ni za kuitia ng'ombe. Huyu kamrithi dharau yote, kisha anamsingizia. Na hotuba yake nusu nzima ilikuwa Kiingereza.

Nikamwambia wazee wetu wanasikiliza redio za Burundi, maana Kirundi na Kiha ni ndugu. Mama anajua bei ya maharage ya huko kuliko ya soko la Kasulu. Akasema hoja imepokelewa. Imepokelewa ikaenda wapi? Wiki iliyofuata msimamizi wetu akapigiwa simu, naye akaniambia, "Acha Kiha, dada, watatufungia." Nilimwelewa, lakini hasira hazikunitoka.

Nikaacha. Ndipo likaja tangazo la afya: chemchemi ya kijijini kwetu imechafuka, watu wanaharisha, maji yachemshwe kabla ya kunywa. Nikalisoma asubuhi na jioni kwa Kiswahili sanifu, kile cha kumfurahisha waziri. Mama hana simu, na ya jirani haikupatikana. Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Kitanga, roho juu.

Mama alinipokea kwa salamu yetu Waha, ya kupiga makofi taratibu, ndefu, isiyokatishwa. Ukiikatisha umemtukana mtu. Nikapiga makofi na mimi, nikajibu habari za watoto, za shamba, za mbuzi.

"Nimekusikia redioni!" akasema kwa Kiha, amejaa fahari. "Niliwaita majirani, tukanyamaza mpaka ukamaliza. Mwanangu, Kiswahili unakijua wewe!"

Akainama mtungini, akachota kikombe. "Umechoka na safari. Haya maji nimeyateka chemchemi sasa hivi."

Kabla sijafungua mdomo, akayaonja kwanza yeye, kama desturi inavyotaka kwa mgeni.