Mizani ya Kanyere Yawageukia Watu

Saa mbili asubuhi, katika kambi ya Mugunga, Kanyere anaigeuza mizani. Uso wenye namba anauelekeza kwenye foleni, mgongo kwa karani, kisha anakaza kitambaa chake kichwani. Familia mia tatu na arobaini za wakimbizi zinasubiri unga wa mpango wa serikali, kilo kumi na mbili kila moja.

Leo ni siku ya mwisho ya kujaribu kuigeuza hivyo. Msimamizi wake, Émile, amemwambia bila kupindisha maneno: ugomvi mmoja tu, mizani inarudi ilivyokuwa na kazi anapewa mwingine.

Kanyere, mama wa watoto wanne, aliuza maharage katika mji wa Kiwanja mpaka vita vilipomkimbiza. Kupima ndiyo kazi yake. Kinachomuuma ni jina baya alilopewa. Mpango ulipoanza, mizani ilimtazama karani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika. Waliopokea waliona bati la nyuma tu, na kambi nzima ikakata shauri kwamba serikali inaiba na Kanyere ndiye mkono wake. Hata wanawe waliitwa watoto wa mwizi.

“Nilikuwa napima bien, sawasawa, kila siku,” anasema. “Lakini mutu hawezi kuamini kitu haone.”

Kanyere alipoomba mizani igeuzwe, Émile alimuuliza: karani naye atasoma wapi? Kanyere akajibu kwamba anayepokea unga asome kwa sauti, karani aandike anachosikia. Jambo jepesi hivyo, na ofisi nzima haikuwa imeliwaza!

Saa nne foleni inakwama. Rosette, mkulima kutoka Masisi aliyekuwa wa kwanza kumtukana Kanyere, hajui kusoma namba. Watu wananung’unika, na Émile anainuka kitini. Kanyere anachovya kidole kwenye unga na kuweka alama juu ya kioo, pale penye kumi na mbili. Anaweka unga, mshale unapanda, unatulia palepale.

“Douze, kumi na mbili,” anasema Rosette, kisha anawageukia wenzake. “Bunga ni ile ile, serikali ni ile ile. Mbele, pale mwanzo, tulikuwa tunaona mugongo ya mizani tu. Mama Kanyere, unisamehe.”

Kanyere anajifuta macho. Émile haketi tena pale alipokuwa. Anakibeba kiti chake na kwenda kukiweka upande wa foleni.

Vita vikiisha, Kanyere atarudi Kiwanja kuuza maharage na kununua mizani mpya. Ile ya zamani aliyopimia maharage, anakiri huku akicheka, ilikuwa inamtazama yeye.

“Nami nilikuwa nawaonyesha mugongo,” anasema. “Ile mupya itaangalia wateja.”