Miji Niliyoipima kwa Unga

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa sufuria. Mzee Athumani, mpishi wa Bwana Barabara pale Njombe, alinikabidhi blanketi kuukuu, akaniambia nilifunike karai la unga uliokandwa, kisha nikae karibu nalo.

"Nikae nifanye nini, mzee?"

"Uusubiri. Wewe Mbena, unga huu unaona baridi kuliko wewe. Ukiuacha peke yake hauumuki mpaka Bwana apate pensheni."

Bwana Barabara ndivyo tulivyomwita mhandisi Mwingereza aliyesimamia barabara na madaraja ya serikali. Hamira ya kopo ilikuwa adimu, hivyo kila mpishi alitengeneza chachu yake. Njombe tulitumia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, ukiwa bado mchanga na wenye povu. Tukiwa kambini, kama Makambako ambako kulikuwa na njia panda na maduka machache, tulioka ndani ya debe: unalilaza juu ya mafiga, makaa chini, makaa juu. Aliyetoa mkate laini ndani ya debe huku upepo wa Makambako ukivuma, alihesabiwa kuwa fundi.

Mzee Athumani alipochoka akarudi kwao pwani, nami nikashika nafasi yake. Bwana alikuwa mtu wa kuhamishwa, na mimi nilihama pamoja na masanduku yake. Mke wangu Ester alibaki kijijini kwetu Kichiwa, maana nyumba nyingi tulizopewa zilikuwa na chumba kimoja cha mtumishi, na amri ilikuwa alale humo peke yake.

Vijana huniuliza miji ile ilikuwaje. Niliijua kwanza kwa unga. Iringa ngano ilikuwa safi na maziwa mazito, na baridi yake ilinikumbusha nyumbani. Ubaya wake ni kwamba nyumbani kulikuwa karibu na bado sikuruhusiwa kwenda.

Dodoma nilipata chachu ya pombe ya uwele, kali na ya kuaminika, na majirani wakarimu kuliko popote nilipopita. Lakini mvua zilikosekana tukiwa kule. Nilipokuwa nikioka, watu walikuja kukaa nje ya ua, kimya, wakinusa. Bwana alisema, "Mpishi, leo ukitoa kipande, kesho nitalisha mji mzima." Nilifunga dirisha la jiko. Joto la mle ndani silisahau, wala ule ukimya wa nje.

Dar es Salaam palikuwa na barafu, umeme na siagi ya kila namna. Nilikaa pale bila mtu hata mmoja kuniita kwa jina langu. Sokoni niliitwa Mpishi, nyumbani niliitwa Mpishi, na nilipougua niliitwa Mpishi Mgonjwa.

Kisha tukahamia Tanga.

Chachu ya Tanga ni tembo, pombe ya mnazi, na kwa joto la kule unga uliumuka kabla sijamaliza kuosha vyombo. Sikuhitaji blanketi. Tena nyumba ya watumishi ilikuwa ya mawe, yenye vyumba viwili. Binti yetu Sara, aliyezaliwa Kichiwa baada ya likizo yangu moja na sasa alikuwa akikimbia huku na huko, alikuwa akikohoa kila majira ya baridi. Bwana aliposikia akasema, "Lete mke, lete mtoto. Hapa hewa moto. Kifua kitapona." Nilimwamini, kwa kuwa unga ulikuwa umekwisha kuniambia vilevile. Mahali pa kuumusha unga namna ile, niliwaza, mtoto naye atanawiri.

Nilipofika Kichiwa kuwachukua, Ester alikuwa akichimba viazi. Hakuacha jembe.

"Baba Sara, wale wanaoshuka malori pale Makambako wakitoka Tanga, mbona wamebaki macho tu?"

"Wale ni manamba, wanakata mkonge juani na kulala chini. Mimi nina nyumba ya mawe."

"Na mbu wa Tanga hupiga hodi kwenye nyumba ya mawe?"

Nilicheka. Mama yangu naye akacheka: "Mwache huyo, ataogopa mpaka nazi!" Ester hakucheka, lakini alifunga mizigo.

Majuma ya kwanza kikohozi cha Sara kilikoma. Jioni alisimama chini ya taa ya barabarani akiwaita watoto wa jirani waje waone mwezi. Ester alijifunza kukuna nazi, akaanza kunitania kwa namna ninavyotembea kama Bwana. Katika miji yote, huo ndio uzuri niliouona, nao ulikwisha mvua zilipoanza.

Homa ya kifua tuliijua. Ile ya mbu hatukuijua. Sara alitetemeka asubuhi, na kufikia adhuhuri hakututambua. Hospitali walimpa kwinini. Daktari alizungumza nasi kwa upole: watoto wa pwani huizoea homa ile tangu uchanga, wa milimani miili yao haiijui. Sara alifariki kabla ya jua kuzama. Tulimzika huko, katika mchanga ambamo kingo za kaburi hazisimami.

Nilikuwa nimeacha unga jikoni. Niliporudi kutoka makaburini niliukuta umefurika karai, umetambaa mezani na kudondoka sakafuni, na bado ulikuwa ukiumuka.

Ester alirudi kwa lori hadi Makambako, akatembea kwenda Kichiwa. Mimi nilibaki na Bwana, kwa kuwa sikujua kazi nyingine. Alipostaafu akaondoka kwenda kwao, alinipa mkono na kuniachia debe la kuokea.

Nilirudi kwa Ester, na sasa tunaishi hapa Njombe, naoka mikate ya kuuza. Ester ananiletea kuni, anapanga moto, kisha anatoka. Mkate wangu hajaula tangu Tanga. Hatukupata mtoto mwingine.

Majuzi mtoto wa kaka yangu alikuja kutuaga. Amepata kazi bandarini. Alikaa jikoni, karibu na karai lililofunikwa blanketi.

"Baba mdogo, wewe umekaa kule. Tanga kukoje?"

Nilikuwa najiandaa kumweleza habari za taa, za nyumba za mawe, za barabara zilizonyooka. Ester alikuwa mlangoni na mzigo wa kuni.

"Kuna joto," alisema.

Akaweka kuni chini, akatoka. Kijana akanigeukia akingoja niendelee. Nikafunua blanketi kutazama unga. Ulikuwa bado haujaumuka.