Kengele ya Nkwabi

Wanaomwona Nkwabi siku hizi akiisukuma baiskeli yake mjini Mwanza, taratibu kama anayeswaga ng'ombe mgonjwa, hawaamini kwamba huyu ndiye aliyekuwa tishio la mji. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, na kengele yake ilikuwa kubwa kuliko adabu yake. Barabarani kulikuwa na malori na mashimo, kwa hiyo yeye alipita wanakopita waenda kwa miguu, mbele ya maduka, akipaza sauti: "Pisha! Kazi ya taifa!" Wazee waliruka, wajawazito wakajibanza ukutani. Akionywa, alijibu kwamba mwenye miguu hashindwi kusogea.

Asubuhi moja mwaka 1975, foleni ya sabuni ilitoka duka la ushirika ikaimeza njia nzima. Nkwabi hakushuka. Alipiga kengele, akapaza sauti yake ileile.

Mbele yake alitembea mama mwenye kapu kichwani. Mama huyo aliitambua mara moja ile sauti ya nyuma yake. Alikuwa Ng'washi, mama mkwe wa Nkwabi, ametoka Misungwi kuja kumsaidia binti yake Dorotea, ambaye alikuwa amebakiza siku chache ajifungue. Na kwao Usukumani, mama mkwe na mume wa bintiye hawakutani uso kwa uso, sembuse kugusana. Basi mama wa watu akafanya alivyolelewa: akajifunika kanga usoni na kusogea kando haraka. Hakuona alikokanyaga. Akaingia mbele ya gurudumu.

Kapu liliruka, unga wa ulezi ukatapakaa. Nkwabi, aliyeanguka na baiskeli yake, aliinuka akitukana, akalikatiza tusi alipoiona ile kanga. Aliinunua mwenyewe, siku ya posa.

"Mwinue basi!" akafoka Teodora, mwanamke wa mtaani kwake aliyekuwa kwenye foleni. "Umegonga mtu, halafu unamkodolea macho?"

"Siwezi," alisema Nkwabi. "Ni mkwe wangu."

Jamani, hata waliokuwa wameufikia mlango waliacha nafasi zao. Chini ya kanga ikatoka sauti: "Mwambieni asinikaribie. Mguu umevunjika. Na Dorotea asiambiwe leo."

Teodora na wanawake wengine wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli, wakamshikilia huku na huku. Nkwabi akasukuma kuelekea hospitali, macho mbele, machozi yakimtiririka mbele za watu. Gurudumu likaruka jiwe, mgonjwa akayumba, na mkono wake ukamdaka Nkwabi begani. Ukabaki palepale. Miaka tisa ya ndoa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Dada Teodora," Nkwabi alisema bila kugeuka, "mwambie anisamehe."

Teodora akamwambia.

"Mwambie kengele niliisikia," mama alijibu. "Nilikuwa nampisha."