Nishani ya Aliyempiga Mwingereza

Juzi bomani hapa Tabora, askari waliorudi kutoka vita vya Burma walikuwa wakipewa nishani. Mzee mmoja kutoka Ziba akaomba yake, ya vita vile vya kwanza.

"Ulimpigania nani, mzee?" karani akauliza.

"Mjerumani."

"Lakini hizi ni za Mwingereza. Wewe ulimpiga!"

"Ndiyo. Muulizeni kama sikumpiga vizuri."

Tulicheka, yeye hakucheka. Alipogeuka kuondoka, askari mmoja mwenye nishani mpya kifuani akampigia saluti. Mzee akasimama wima, akaipokea kama kijana wa kambini.

Nilimsindikiza hadi mtaa wa Kanyenye. "Wenzangu walizikwa kando ya njia ya misafara," aliniambia. "Nilitaka kitu cha kuwaonyesha watoto wao."

Bendera ya boma imebadilika, ndugu wasomaji. Watoto wa marehemu ni wale wale.